Baba ameacha picha 312, ndugu zangu wanataka nyumba yake iwe makumbusho. Tuanzie wapi?

BintiMhasibu

Wakuu, habari za humu. Kazi yangu ni uhasibu. Mambo ya sanaa nayajua kwa kuzaliwa tu ndani yake, kwa hiyo nikikosea maneno mnirekebishe taratibu.

Baba yetu alikuwa mchoraji. Hakuwa wa kutajwa magazetini, ila alikuwa na watu wake, na wanunuzi walikuwa wanagonga mlango mpaka mwaka wake wa mwisho. Amefariki miezi minane iliyopita. Tuko wanne. Siku tulipokaa kikao kaka yetu mkubwa alisema nyumba isiuzwe, iwe makumbusho ya kazi za baba peke yake, picha zote zitundikwe, na tuandikiane kabisa kwamba hakuna hata moja itakayouzwa milele. Wote tukaitikia huku tunalia. Sasa machozi yamekauka na funguo nimeachiwa mimi.

Jumamosi nilikwenda na daftari. Nimehesabu turubai 312. Hapo sijagusa kabati la michoro ya karatasi, maana droo ya chini imevimba na haifunguki. Picha zimeegemezwa ukutani zimelaliana kama vitabu rafuni. Nilivuta moja ya katikati, ikaja na kipande cha rangi ya jirani yake kimenata kwenye kona. Kipande cha bluu, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Nilikaa chini palepale. Halafu nikakitia kwenye bahasha nikaandika tarehe, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Kwa wanaojua: makumbusho ya mtu mmoja, tena asiye na jina kubwa, yanaendaje? Kuna mahali yamefanikiwa? Na kuna jambo siwezi kulisema mbele ya kaka: baadhi ya zile picha ni mbovu. Kuna kipindi alichora mitumbwi tu, karibu miaka miwili, na mitumbwi yenyewe haielei. Nazo tutundike?

FunguoKumi

Pole sana kwa msiba, binti yangu.

Mimi nimekuwa mlinzi wa vyumba, baadaye mshika funguo, kwenye makumbusho ya msanii mmoja kwa miaka 19. Sikusomea. Nilichojifunza nimejifunza nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha pembeni ambacho wageni hudhani nacho ni maonyesho.

La kwanza, acha kuvuta. Usivute picha nyingine mpaka umeandaa pa kuiweka. Tafuta chumba cha katikati ya nyumba, ukuta wake usiwe wa nje, maana ukuta wa nje ndio unaolia maji mvua ikinyesha. Weka mbao sakafuni ili turubai zisikae chini kabisa. Bomba likipasuka, maji huanzia sakafuni. Zisimamishe wima, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, katikati weka kadibodi pana kuzidi picha yenyewe. Zilizo na rangi nene, kama hiyo ya bluu, zisiguswe na kitu usoni, zikae peke yake. Usizifunge kwa nailoni ukakaza, unyevu unabaki humo humo na ukungu unaota. Na usije ukashika kitambaa chenye maji kusafisha, hata kama vumbi linakuudhi vipi. Nimemwona mtu akimfuta msanii wetu shavu kwa nia njema kabisa. Shavu lilitoka.

La pili ni orodha. Wewe mhasibu, hapo Mungu amekupendelea. Kila picha ipate namba, kwa penseli, kwenye zile mbao zinazowamba turubai, sio kwenye turubai yenyewe wala sio kwa kalamu ya wino. Ipige picha mbele na nyuma. Andika urefu, upana, imeandikwa nini, ina kidonda gani. Nyuma usipapuuze. Nyuma ndiko msanii anakosema ukweli.

Kuhusu swali lako kama yanaenda: yanaenda, ila si kwa sababu kaka yako anazodhani. Paris kuna nyumba ya mchoraji Gustave Moreau. Alikufa 1898 akaiachia serikali nyumba na vyote vilivyomo, na serikali yenyewe ilisitasita mpaka 1902 ndipo ikakubali. Mlango ukafunguliwa 1903. Mtunzaji wa kwanza alikuwa mwanafunzi wake, Rouault, aliyekuja kuwa mchoraji mkubwa naye. Kuta zimejaa picha mpaka dari, na nyingi hazijamalizika. Unakuta mtu kachorwa rangi kamili, mguu wake ni mstari mtupu. Michoro yake ya karatasi, maelfu, imefungwa kwenye makabati yenye kurasa za mbao zinazofunguka kama kitabu, unazipekua mwenyewe. Nilipata bahati ya kufika mara moja. Nilisimama mbele ya kabati moja mpaka mlinzi akaniangalia kwa jicho ninalolijua vizuri.

St Ives huko Uingereza, mchongaji sanamu Barbara Hepworth alikufa kwa moto ndani ya studio yake mwaka 1975, na mwaka uliofuata familia ikafungua mahali hapo kwa wageni kama alivyotaka mwenyewe. Sanamu ziko bustanini alikozipanga, na kwenye karakana vifaa na mawe ambayo hayajaisha bado vipo. Miaka michache baadaye familia ikapakabidhi kwa Tate, makumbusho makubwa ya sanaa ya huko, kwa sababu familia huchoka. Hilo liandike kwenye daftari lako pia.

Mgeni akiingia kwetu alikuwa anatembea haraka mbele ya picha zile kubwa, halafu anafika kwenye meza ya kazi na kusimama. Meza ilikuwa na kopo la brashi, na brashi moja ina alama ya meno. Basi. Kila siku, miaka 19, watu wanainama kuangalia meno ya marehemu. Kwa hiyo mitumbwi isiyoelea usiifiche. Picha nzuri wanaweza kuziona popote; kuona mtu anavyokosea miaka miwili mfululizo na hakati tamaa, hilo linapatikana nyumbani kwake tu. Ila usitundike yote. Chagua mitatu.

Mlango_wa_Nyuma

Nitasema ambalo halipendwi: uzeni. Mkibaki na 312 ambazo hakuna anayeziona, hamjahifadhi, mmefungia. Mwenye picha sebuleni kwake anaisifu kwa kila mgeni. Makumbusho ya familia hufa na mtoto anayeyapenda, wajukuu wanakuja na dalali.

WakiliMpole

Mlango_wa_Nyuma amesema kwa ukali ila hajakosea sana. Dada, neno la kaka yako linalonitisha ni "milele". Naomba nikupe visa viwili uende navyo kwenye kikao.

Turner, mchoraji wa Uingereza, alifariki 1851. Wosia wake ulitaka picha zake zilizokamilika zikae pamoja kwenye vyumba vitakavyojengwa kwa jina lake. Ndugu wakaupinga mahakamani, kesi ikaisha 1856 kwa maelewano: taifa likachukua karibu picha 300 za rangi ya mafuta na michoro ya karatasi inayokaribia 20,000, ndugu wakachukua fedha. Vyumba je? Jengo lake maalumu, Clore Gallery, lilifunguliwa 1987. Hesabu mwenyewe, wewe ndiye mhasibu. Katikati hapo, Januari 1928, mto Thames ulifurika ukaingia ghala la chini la Tate, na michoro yake mingi ya karatasi ikalowa. Alitaka ukumbi, kumbe kazi zake nyingi zikaishia ghalani.

Cha pili ni mchoraji Clyfford Still wa Marekani. Huyu alikuwa mgumu kuliko kaka yako. Alipofariki 1980 wosia ulisema kazi zake zipewe mji wowote wa Marekani utakaokubali kujenga mahali pa kudumu pa kazi hizo tu, bila kuuza, bila kugawa, bila kubadilishana. Hazikuonekana hadharani kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2004 Denver wakakubali, na makumbusho yakafunguliwa Novemba 2011. Sasa sikiliza hapa: mwezi huohuo picha nne ziliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 114, ili yapatikane mapato ya kuyaendesha. Zilitoka kwenye urithi wa mkewe, na ilibidi mahakama iruhusu. Yaani hata makumbusho yaliyojengwa juu ya neno "isiuzwe" yalisimama kwa kuuza.

Simaanishi muuze. Namaanisha msifunge mlango ambao mtauhitaji. Andikeni kwamba kundi fulani, tuseme picha 80 ambazo zikiondoka hadithi ya mzee inakatika, haziuzwi. Zilizobaki ziuzwe tu kwa kura za wanne wote, na fedha isiende mfukoni mwa mtu, iende kwenye paa. Anzisheni wakfu au chombo chochote ambacho sheria ya mlipo inakiruhusu, ili mali iwe ya chombo, isiwe ya watoto wanne ambao kesho ni wajukuu kumi na saba. Na jambo linalosahaulika: kumiliki picha si kumiliki hakimiliki yake. Nchi nyingi hakimiliki inaendelea miaka 50 au 70 baada ya msanii kufariki, na kwa kawaida inabaki kwa warithi hata pale picha yenyewe iko ukutani kwa mtu baki. Kadi, mabango, kalenda: hivyo mnaweza kutengeneza hata kwa picha alizouza, mradi mna nakala nzuri na hakuuza haki hizo.

Msafiri_Mvivu

Mimi ni mgeni wa kawaida tu. Makumbusho ya mtu mmoja yakiwa na vyumba vitatu nayapenda, yakiwa na kumi na mbili naanza kutafuta kiti. Bern, Uswisi, kuna jengo la mchoraji Paul Klee lenye kazi kama 4,000, na wao hutoa sehemu ndogo tu kwa zamu, maana nyingi ni za karatasi na mwanga unazila. Nimekwenda mara mbili nikakuta maonyesho mawili tofauti. Mngetundika zote 312 ningekuja mara moja.

Na tafadhali, maelezo ya ukutani yawe mafupi. "Hapa alikuwa amegombana na mwenye nyumba, rangi ya njano ilikuwa imeisha" linanitosha kuliko aya tatu za falsafa.

BintiMhasibu

Asanteni sana. Mzee FunguoKumi, shikamoo. Nimeisoma ile ya meno mara nne. Baba naye alikuwa anang'ata brashi.

Wakili, nimempelekea kaka habari ya Turner. Amejibu "sisi si Waingereza". Ya Denver hajaijibu bado, ameisoma tu.

Swali dogo: luksi ni nini? Mtu kaniambia michoro ya karatasi isizidi luksi 50, nikaitikia kama ninajua.

FunguoKumi

Marahaba mwanangu.

Luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. 50 ni kidogo, mgeni akiingia kutoka juani anadhani umeme umekatika, kisha macho yanazoea. Rangi za maji na wino hupauka kwa mwanga na hazirudi, ndiyo maana. Picha za mafuta zinavumilia zaidi, mara tatu au nne ya hapo. Kifaa cha kupimia ni kidogo kama simu. Lakini kabla hujanunua chochote, funga mapazia. Pazia zito halihitaji betri.

Kuhusu kuuza, mimi siko na upande, ila msome habari za Jo, shemeji yake mchoraji Vincent van Gogh. Mumewe, Theo, alikufa Januari 1891, miezi sita tu baada ya Vincent. Jo akabaki na mtoto mchanga na mamia ya picha zisizo na soko. Hakuzifungia, na hakuzimwaga. Alikuwa anakopesha kwa maonyesho, anauza moja moja, na kila aliyoiuza anaiandika kwenye daftari lake la hesabu. Picha ya alizeti aliyowauzia National Gallery ya London mwaka 1924 alikuwa ameikatalia kwa muda mrefu. Mwanawe ndiye aliyekuja kuzikabidhi picha zilizobaki kwa wakfu, na makumbusho ya Amsterdam yakafunguliwa 1973. Miaka zaidi ya themanini tangu Jo aachiwe funguo. Wewe una miezi minane.

Mlango_wa_Nyuma

Haya, hiyo ya daftari la Jo naikubali. Uza kwa daftari, nilipaswa kusema hivyo.

BintiMhasibu

Wakuu, narudi na taarifa, samahani nimepotea wiki mbili.

Nilifanya kama Mzee alivyoelekeza. Chumba cha katikati, mbao chini, kadibodi nimekata mwenyewe mpaka vidole vikaota malengelenge. Nikaanza kugeuza picha ili niandike namba zangu kwa penseli. Ya kwanza kugeuza nikakuta pameshaandikwa. Namba 431, mwandiko wa baba, kwa penseli, kona ya juu kushoto. Nikageuza ya pili: 287. Ya tatu: 96.

Zote zina namba. Miaka yote ile mama alikuwa anamwambia hana mpangilio, kumbe alikuwa na daftari kichwani. Namba kubwa niliyoikuta ni 507. Mimi nina 312. Kwa hiyo kuna 195 ziko mahali fulani duniani, zimeuzwa, zimegawiwa, au zimelipia deni la mtu, na mhasibu mzima niko hapa na hesabu isiyofunga.

Droo ya chini imefunguka juzi. Haikuwa imevimba, ilikuwa imejaa. Nilitoa droo ya juu yake nikaingiza mkono. Michoro ya mitumbwi, wakuu. Mitumbwi mamia, kwa penseli, kwenye karatasi za kila aina, nyuma ya risiti, nyuma ya barua za shule zetu. Mtumbwi mmoja umechorwa mara tisa kwenye karatasi moja, na kila mara mstari wa maji anaushusha kidogo, kama mtu anayejaribu kuufanya uzame sawasawa. Nimeipanga ile mibovu ya mafuta kwa namba zake, 201 mpaka 246, na sasa nadhani hakuwa anajaribu kuielesha. Sijui kuieleza vizuri zaidi ya hapo. Mitatu haitoshi, Mzee. Nataka chumba kizima cha mitumbwi, na droo iwe wazi chini ya kioo.

Kaka alikuja jana bila taarifa. Nilimkabidhi tochi nikamwambia asome namba mimi niandike. Tulifanya mpaka saa nne usiku. Hakusema "milele" hata mara moja. Alisema tu, "Namba moja iko wapi?" Hatujaiona. Namba 2 ipo, ni picha ya mama akiwa amekaa dirishani, hajaolewa bado.

Naanza kutafuta hizo 195. Nimeandika barua kwa wanunuzi wanane ambao majina yao yapo kwenye simu yake. Siwaombi warudishe chochote, naomba picha ya mbele na nyuma tu.

WakiliMpole

Kwenye barua hizo waulize pia walipewaje: waliuziwa, walizawadiwa au waliazimwa. Utashangaa ni wangapi "waliazima".

FunguoKumi

Namba zake usizifute wala usizirudie juu. Zitumie hizohizo, ndiyo orodha yenu sasa.

Na ile bahasha yenye kipande cha bluu, umeshajua kilitoka wapi?

BintiMhasibu

Kutoka 288, kona ya chini kulia. Nimeandika juu ya bahasha.